Vitufe 61, 76 au 88: kinanda cha kukaa nyumbani na kinanda cha kwenda nacho kazini

Anayeingia duka la vyombo vya muziki kwa mara ya kwanza huuliza bei, halafu kampuni, halafu idadi ya sauti zilizomo. Ukubwa huja mwisho, na mara nyingi muuzaji hujibu kulingana na kilichobaki stoo. Geuza mpangilio huo. Sauti utaziongeza baadaye kwa laptopu, spika utaazima, lakini kitufe ambacho hakipo hakiongezeki. Na kinanda kirefu hakifupiki kikifika kwenye mlango wa gari.

Mambo mawili tu ndiyo yanayoamua ukubwa: mkono wako wa kushoto unashuka hadi wapi, na kinanda kitasafiri kwa chombo gani.

Tuanze na hesabu. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kinanda cha 61 ni oktava tano kamili (oktava ni hatua ya vitufe 12, kutoka noti moja hadi nyingine yenye jina hilohilo), C hadi C. Ukikiweka juu ya piano utaona kimekatwa vitufe 15 upande wa besi na 12 upande wa juu. Cha 76 kwa kawaida huanzia E na kuishia G, kwa hiyo kimepungukiwa vitufe 7 chini na 5 juu. Kipo pia cha 73, E hadi E, umbo lililozoeleka tangu enzi za piano za umeme za Fender Rhodes, na wapiga jukwaani wengi hawajawahi kuliacha.

Kitufe cheupe cha kawaida kina upana wa milimita 23.5 hivi, na oktava moja ni takriban sentimita 16.5. Ukipima dukani ukakuta oktava haifiki 16, hivyo ni vitufe vidogo, na vidole vitakavyozoea hapo vitapotea siku ya kukaa kwenye kinanda cha kanisa. Hata mtoto wa miaka sita asinunuliwe vitufe vidogo kama nia ni kujifunza. Kwa mwili mzima, kinanda cha 61 huwa na urefu wa sentimita 93 hadi 105, cha 76 hukaribia 120, na cha 88 huanzia kama 128 na kuendelea. Begi huongeza sentimita nyingine kumi.

Sasa mkono wa kushoto. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, ama kwa kununua kidogo mno au kikubwa bila sababu.

Wimbo wa kwaya wa sauti nne, ukipigwa kama ulivyoandikwa, unaenea vizuri kwenye vitufe 61. Besi ya waimbaji ni nadra kushuka chini ya E au F iliyo oktava moja na nusu chini ya C ya kati (ile ya karibu na katikati ya piano), na soprano haipandi mbali. Tatizo huanza pale mpigaji anapotaka kuongeza uzito kwa kupiga besi kwa oktava, kidole gumba kwenye noti iliyoandikwa na kidole kidogo oktava moja chini. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa C, C ya chini kabisa ya kinanda cha 61 bado inakuokoa. Ukiwa katika G, G unayoitafuta haipo. Ukiwa katika A, haipo. B bemoli (kitufe cheusi cha kushoto kwa B), haipo. Kidole kinaangukia mbao. Kwenye 76 noti hizo zote zipo.

Halafu kuna kazi ambayo bendi haina mpiga besi, na kinanda kinabeba besi mkono wa kushoto. Gitaa la besi la nyuzi nne huanzia E, na hiyo ndiyo E ileile ya kitufe cha kwanza cha vinanda vingi vya 76. Kwa mtu anayebeba besi mara kwa mara, 76 ni saizi iliyokatwa kwa ajili yake. Kwenye 61 utalazimika kugawa kinanda sehemu mbili, uweke sauti ya besi kushoto na kuishusha oktava moja. Inafanya kazi, ila mkono wa kulia unabanwa.

Tazama hesabu yake. Vinanda vingi vya midundo vya Yamaha, ukivitoa kwenye boksi, mgawo umewekwa kwenye F diyezi (kitufe cheusi cha kulia kwa F) iliyo chini ya C ya kati. Kwenye 61 hiyo inakuachia vitufe 19 vya kushoto na 42 vya kulia. Vitufe 19 vinatosha kushika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za TRA) za midundo ya kujiendesha, lakini kwa besi inayotembea ni oktava moja na nusu tu. Ukipandisha mgawo upate nafasi, unaunyang'anya mkono wa kulia. Ukipekua mpangilio huo kumbuka mtego mmoja: Yamaha huiita C ya kati C3, Roland huiita C4. Mtu hufuata maelekezo ya kinanda kingine, akaweka mgawo oktava nzima pasipo pake, kisha akalaumu kinanda.

Batani ya oktava husaidia, lakini huhamisha eneo zima: ulichopata chini umekipoteza juu. Usiibonyeze katikati ya pambio huku umekanyaga pedali, kwani kwenye baadhi ya vinanda noti zilizoshikiliwa hubaki zikilia.

Njia ya uhakika ya kujua unachohitaji haihitaji mshauri. Chukua nyimbo kumi unazopiga au unazotaka kupiga mwaka huu. Kwa kila moja andika noti ya chini kabisa na ya juu kabisa, ukihesabu na ufunguo ambao mwimbaji wenu anauimbia kweli, si ule wa kitabuni. Kama nyimbo nane zinakaa ndani ya oktava tano, 61 inakutosha. Kama nne au tano zinatoka kwa chini, nenda 76. Zikitoka pande zote mbili, unapiga muziki wa piano, na hapo 88 ndiyo jibu.

Usidanganywe kwamba muziki wa zamani wa Ulaya unaenea kwenye 61 kwa kuwa piano za wakati wa Mozart zilikuwa na oktava tano. Ni kweli zilikuwa tano, ila zilianzia F, si C. Zile noti nne za chini, F hadi B, pamoja na nusu zake (vitufe vyeusi), kinanda chako cha 61 hakina.

Idadi ya vitufe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uzito wake. Kuna vitufe vyepesi vinavyorudishwa na springi, kuna vya uzito wa kati, na kuna vya nyundo ambavyo hukaza kama piano, chini vikiwa vizito zaidi na juu vikipungua. Anayesomea piano, hasa mwenye nia ya mitihani ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza), anahitaji 88 vya nyundo na pedali. Vipo vinanda vya 88 vyenye vitufe vyepesi kwa bei ya kuvutia. Kwa mwanafunzi wa piano huo ni urefu bila faida, kwa sababu nguvu ya vidole haijengeki hapo. Kinyume chake nacho ni kweli: mpiga ogani na mpiga sebene hawahitaji nyundo. Kuteleza kwa kiganja na kurudiarudia noti haraka kama gitaa la solo huchosha mkono kwenye vitufe vizito, na hata ogani ya Hammond B-3 ina safu mbili za vitufe 61 tu, vyepesi. Katika taarabu ya kisasa, kinachotafutwa zaidi ni gurudumu la kupinda noti na sehemu ya kurekebisha skeli ili kupata robo ya sauti. 61 yenye vitu hivyo inaishinda 88 isiyo navyo.

Ukiwa dukani, jaribu hivi. Chagua sauti ya piano, si ogani, maana ogani haibadiliki hata ukigonga kwa ngumi. Bonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, ama kinanda hakihisi mguso au mguso umezimwa kwenye mipangilio. Mwambie muuzaji auwashe kabla hujakikataa. Bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, vyeusi pia, ukisikiliza kilichokufa au kinacholia kwa nguvu kuliko jirani zake. Halafu bonyeza vyeupe kwa ndani, kwenye nafasi kati ya vyeusi. Kikiwa kigumu mno hapo, kodi zenye vitufe vyeusi zitakusumbua. Uliza pia kinanda kinaweza kulia noti ngapi kwa pamoja. Noti 32 huisha upesi ukichanganya piano na nyuzi na kukanyaga pedali, kwa sababu kila kitufe sasa kinatumia noti mbili au zaidi. Utasikia besi ikikatika yenyewe. Noti 64 ni afadhali, 128 huna shida.

Kwa nyumbani tu, ushauri ni mfupi. Pima meza au ukuta kwanza. Uso wa vitufe ukae kama sentimita 72 kutoka sakafuni, viwiko visining'inie chini yake. Spika za ndani ziwepo, na tundu la hedifoni liwepo, majirani wakushukuru. Kama bajeti inabana kati ya 88 vyepesi na 61 inayohisi mguso vizuri, chukua 61.

Kwa kazi za nje, usafiri ndio bosi. 61 nyepesi ina kilo 4 hadi 7. Unaivaa mgongoni na bodaboda inakupeleka, ingawa begi litachomoza juu ya kichwa chako, na dereva aambiwe kuhusu matawi. Vinanda vikubwa vya midundo vya 61 hufika kilo 8 hadi 12. Hapo bajaji. 88 ya nyundo inayobebeka huanzia kilo 11 na zile za jukwaani hupita 18, na kwenye daladala utalipia siti ya pili kama kondakta atakubali kabisa. Kabla ya kununua, pima gari utakalotumia kwa utepe, siti zikiwa zimelazwa, na upime mlango, si ndani tu. Stendi ya X ya bomba moja hubeba 61 bila tabu; ukiweka 88 hucheza kwenye ncha kila ukigusa oktava za pembeni. Tumia yenye bomba mbili au ya umbo la meza.

Tazama nyuma ya kinanda kabla ya kulipa. Vinanda vingi vidogo vina tundu moja tu la kutolea sauti, la hedifoni. Lina sauti mbili, kushoto na kulia. Ukichomeka waya wa gitaa wa mono humo, upande wa kulia unafungwa shoti. Ukichomeka waya wa stereo kwenda chaneli moja ya mikisa, pande mbili zinapingana na piano inabaki nyembamba kama inalia ndani ya ndoo, huku fundi mitambo akiongeza sauti bila mafanikio. Dawa ni waya wa Y: jeki moja ya stereo, ncha mbili za mono, chaneli mbili. Kinanda chenye matundu mawili yaliyoandikwa L/MONO na R ni bora kwa kazi; mikisa ikiwa na nafasi moja, tumia L/MONO peke yake. Waya ukizidi mita sita hivi, weka DI boksi (kisanduku cha kupeleka sauti mbali bila kelele), na ikivuma, bonyeza swichi yake ya kukata ardhi.

Umeme nao. Vinanda vya mtumba kutoka Japani mara nyingi huja na adapta iliyoandikwa INPUT 100V. Hiyo usiichomeke ukutani. Huungua mara moja, na wakati mwingine huondoka na kinanda. Iliyoandikwa 100-240V ni salama. Ukitafuta adapta mbadala, linganisha volti, ampea zisipungue, na alama ya chanya katikati au nje, kwani kampuni hutofautiana. Kwenye shughuli ya jenereta, chomeka kinanda baada ya jenereta kutulia, si kabla ya kuwashwa. 61 nyingi ndogo hukubali betri sita, na hilo pekee limeokoa ibada nyingi umeme ulipokatika. 88 nyingi hazina nafasi hiyo.

Pedali ikifanya kazi kinyume, sauti ikirefuka mguu ukiwa juu, haijaharibika. Zima kinanda, chomeka pedali bila kuikanyaga, washa tena. Isiposaidia, tafuta pedali yenye swichi ya kugeuza.

Wengi huishia na viwili: 88 ya nyundo isiyotoka sebuleni, na 61 au 76 ya kubeba. Ukiwa na viwili, wiki za kwanza utakosea mahali pa kukaa. Kwenye 88, C ya kati ni C ya nne kutoka kushoto na iko kushoto kidogo tu ya katikati ya kinanda. Kwenye 61 na 76 ni ya tatu. Na kwenye 61 katikati ya kinanda ni F diyezi, kwa hiyo ukikaa katikati ya mbao, C yako imesogea kushoto vitufe vyeupe vitatu hivi, na mkono wa kushoto unaanza nyimbo kwenye noti isiyo yake. Sogeza kiti kidogo kushoto, na bandika kipande cha tepu juu ya C ya kati mpaka mwili uzoee.