Maswali na Majibu: Wanausifu Mfumo, Lakini Hawaufungui

SWALI: Ndugu mhariri wa safu, chuo chetu kina mfumo wa kujifunzia mtandaoni kwa mwaka wa tatu sasa. Muhula uliopita tuliwagawia wanafunzi hojaji, na wengi wakajibu kwamba mfumo una manufaa na ni rahisi kuutumia. Nikitazama kumbukumbu za kuingia, hata hivyo, naona ni wachache mno wanaolifungua somo langu kwa wiki. Je, walitudanganya?
Mhadhiri, Kitivo cha Elimu

JIBU: Mwalimu, sidhani kama walidanganya. Naona walijibu kwa haki kile walichoulizwa, na kilichoulizwa hakikuwa kile unachotaka kukijua.

Manufaa na urahisi ni vigezo viwili vya mtafiti Fred Davis, ambaye mwaka 1989 alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiamini kuwa itamsaidia katika kazi yake na kwamba haitamsumbua kuitumia. Vipimo vyake alivijaribu kwa wafanyakazi wa kampuni ya IBM nchini Kanada na kwa wanafunzi wa uzamili wa biashara mjini Boston, yaani watu ambao kukifikia chombo chenyewe hakukuwa shida. Mwaka 2003 mtafiti Venkatesh na wenzake, akiwamo Davis mwenyewe, waliongeza vigezo vya ushawishi wa watu wanaomzunguka mtumiaji na mazingira wezeshi, yaani vifaa, mtandao na msaada vinavyomwezesha kuitumia. Hojaji yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, iliishia kwenye vile viwili vya mwanzo, na katika nchi zinazoendelea hayo mazingira ndiyo hasa yanayoamua nani ataingia, lini, na kwa dakika ngapi.

Kumbukumbu nazo zisome kwa tahadhari, kwa kuwa zinahesabu walioingia na si waliosoma. Mara nyingi kiongozi wa darasa, au yeyote mwenye bando siku hiyo, hupakua maelezo ya mhadhara mara moja na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp, na baada ya saa chache darasa zima linayo kwenye simu. Mfumo umemwona mmoja. Ukimuuliza mwenzake kama mfumo una manufaa, atakubali bila kusita, kwani maelezo aliyoyasomea yalitoka humo, ijapokuwa huenda hata nenosiri lake amelisahau.

Sababu ya kupitia njia hiyo ni gharama, nayo inapigika hesabu. Mhadhara wa video wa saa moja unaokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde humeza megabaiti 450, ilhali sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 29 kwa saa hiyo hiyo. Anayejinunulia bando kwa siku hawezi kuacha kuliona pengo hilo, hata kama mhadhiri anayerekodi akiwa kwenye intaneti ya chuo halioni kabisa. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga madarasa, nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ziliruhusu tovuti za vyuo zifunguliwe bila kukatwa bando. Ulikuwa msaada mkubwa, ila kwa kawaida haukuvuka mipaka ya tovuti yenyewe: video iliyowekwa YouTube na kuunganishwa kwenye ukurasa wa somo iliendelea kulipiwa, na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba ni bure aligundua hivyo salio likiwa limekwisha.

Kwa hiyo hojaji ijayo iulize: mara ya mwisho uliingia kwa kifaa cha nani, ukiwa wapi, na ulikwenda kufanya nini? Ulipouliza swali kwenye jukwaa la majadiliano, nani alikujibu, na baada ya siku ngapi? Hilo la mwisho, Mwalimu, utuvumilie sisi wahadhiri wa zamani, lina kawaida ya kuuma. Wapo wanafunzi wanaosema mtandao ni mbaya kwa sababu ni lugha ya adabu kuliko kusema kwamba mwalimu haonekani.

SWALI: Jaribio letu la mtandaoni lilikuwa la dakika 40. Nikiwa kwenye swali la 17 mtandao ulikatika, na niliporudi zilikuwa zimebaki dakika 6. Msimamizi alisema kosa ni langu. Ni sawa?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Pole sana, mwanangu. Saa ya jaribio hutembea kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo, si kwenye simu yako, ndiyo maana haikukusubiri. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, programu huria ya kujifunzia mtandaoni iliyoanzia Australia mwaka 2002 na inayotumiwa na vyuo vingi kwa kuwa haina ada ya leseni, majibu uliyokwisha kuyajaza huhifadhiwa yenyewe kila baada ya muda mfupi, na msimamizi anao uwezo wa kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine. Mwandikie barua fupi, utaje saa uliyokatika na saa uliyorudi, umwombe alinganishe na kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha kila ukurasa ulioufungua pamoja na wakati wake. Usiandike kwamba mfumo ni mbovu, maana hapo mtabishana juu ya mfumo na dakika zako zitasahaulika.

Kupitia viongozi wenu wa darasa, ombeni pia kwamba majaribio yafunguliwe kwa saa kadhaa, kila mtu aanze dakika zake 40 pale mtandao unapomruhusu, na kwamba kazi za nyumbani zisifungwe zote saa 5:59 usiku, wakati ambapo kila mmoja anapakia faili lake kwa mkupuo mmoja na mwenzake.