Je, mchanga wa shambani kwangu ni madini? Jibu la aliyewahi kuuza mawe Mikindani

Ndugu muuliza, umeeleza kwamba una shamba lenye hati ya hakimiliki ya kimila kando ya mto Lukuledi, kwamba mwenye tipa amekuja kutaka mchanga, na kwamba umezuiwa kuuza kwa maelezo kuwa mchanga huo ni madini. Unauliza ni lini mchanga uligeuka madini, ilhali wewe unayajua madini kuwa ni dhahabu na vito, na umegusia pia gesi. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu swali hilohilo liliwahi kunitia hasara, na kwa sababu wengi waliotangulia kukujibu wameitafuta maana ya neno katika mazungumzo ya kawaida badala ya kuitafuta katika sheria yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliuza mawe kutoka katika shamba aliloniachia marehemu mjomba wangu, nje kidogo ya Mikindani. Ni mawe ya matumbawe, yaleyale yaliyojengea nyumba za kale za mji ule. Tuliandikiana mkataba wa mkono, nami nikajiona nimekuwa mwangalifu kwa kuandika kwamba ninauza "mawe yote yaliyomo shambani". Wiki ya pili tipa zilisimamishwa njiani, madereva wakaulizwa leseni na stakabadhi ya mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa madini yanayochimbwa, na hatukuwa na chochote cha kuonyesha. Mnunuzi alidai fedha zake nami nikalazimika kuzirudisha, ingawa sehemu yake nilikwisha kuwalipa vibarua. Uchungu wangu haukutokana na fedha peke yake. Nilikuwa nimeamini kwa moyo wote kwamba mwenye shamba ndiye mwenye mawe, kama alivyo mwenye mikorosho iliyomo.

Nilipoanza kusoma, niligundua kwamba kosa langu lilianzia kwenye neno "ardhi". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaieleza ardhi kuwa ni uso wa dunia na kilicho chini yake, pamoja na vitu vinavyoota kiasili na majengo yaliyoshikamana nayo. Lakini katikati ya maelezo hayo imetenga madini na petroli, yaani mafuta na gesi asilia vya chini ya ardhi, si petroli ya magari. Kwa hiyo hati yako inakupa ardhi ambayo, kwa tafsiri ya sheria, madini yamekwisha kutolewa ndani yake kabla hujaipokea. Mikorosho ni yako, nyumba ni yako, na haki ya kuitumia ardhi ni yako.

Sasa madini ni nini? Sheria ya Madini ya mwaka 2010, Sura ya 123, haisemi kwamba ni kitu kinachong'aa au chenye bei kubwa. Inasema, kwa ufupi wangu, kwamba ni kitu chochote, kiwe kigumu, kimiminika au gesi, kinachopatikana kiasili ardhini au juu yake na kilichofanywa na mwenendo wa kijiolojia, isipokuwa petroli na maji ya juu ya ardhi. Mchanga ulioletwa na Lukuledi unaingia humo moja kwa moja. Kisha sheria inataja kundi la vifaa vya ujenzi, ambavyo maafisa huviita madini ujenzi, na kusema kwamba ni pamoja na mwamba, mawe, changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi vinavyotumika kujengea nyumba, barabara, mabwawa, viwanja vya ndege na kazi za namna hiyo. Zingatia kwamba ukienda dukani kuulizia vifaa vya ujenzi utaonyeshwa nondo, saruji na mabati, navyo havimo katika maana hiyo hata kimoja.

Nililokawia zaidi kulielewa ni kwamba kundi hilo limefafanuliwa kwa matumizi. Sheria inaondoa humo jasi, mawe ya chokaa yanayochomwa ili kupata chokaa, na malighafi ya kutengenezea saruji. Chukua jiwe moja la shamba la mjomba. Likivunjwa na kuwekwa kwenye msingi wa nyumba, ni madini ujenzi. Jiwe hilohilo likiingizwa kwenye tanuri la chokaa, kazi ambayo watu wetu wa pwani wameifanya tangu zamani, linatoka katika kundi hilo na kuhesabiwa miongoni mwa madini ya viwandani. Likipelekwa kutengeneza saruji, vivyo hivyo. Jiwe halijabadilika hata chembe, ila safari yake imebadilika. Ndiyo maana mkataba unaosema "mawe yote" bila kusema ni ya kazi gani unamwacha muuzaji mahali pabaya, kama ulivyoniacha mimi.

Mchangiaji mmoja aliyekujibu kabla yangu ameleta kesi ya Glasgow ya mwaka 1888, ambapo Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya huko, liliamua kwamba udongo wa mfinyanzi haukuwamo katika maneno "makaa ya mawe, mawe ya chuma, sleti au madini mengine". Kesi hiyo ni ya kweli na ina funzo, kwa kuwa neno la jumla linalofuata orodha ya vitu maalumu huweza kubanwa na orodha hiyo. Hata hivyo haiwezi kukuokoa. Ni kweli kwamba nchi yetu iliipokea sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), yaani ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, lakini Bunge letu likishatoa tafsiri yake, tafsiri hiyo ndiyo inayotangulia, na Bunge limeutaja udongo wa mfinyanzi kwa jina.

Kuhusu gesi, kwa kuwa umeigusia: watu wa Msimbati na sisi wa Mtwara mjini tumezoea kusema "madini ya gesi", lakini gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, kisheria ni petroli na inasimamiwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Chumvi, kwa upande mwingine, ambayo wenzetu wa mashamba ya chumvi huiona kama mazao, ilitajwa waziwazi katika kifungu cha mrabaha cha sheria ya 2010, pamoja na vifaa vya ujenzi.

Ushauri wangu ni kwamba usiuze mchanga bila leseni. Raia wa Tanzania anaweza kuomba leseni ndogo ya uchimbaji; ama uiombe wewe, ama aiombe mwenye tipa. Akiipata yeye, bado atahitaji ridhaa yako ya maandishi ili achimbe katika ardhi unayoikalia kihalali, na hapo ndipo ilipo nguvu yako. Katika ridhaa hiyo andikeni mipaka ya eneo, kina cha kuchimba, malipo kwa kila tripu, fidia ya mikorosho itakayoguswa na wajibu wa kufukia mashimo. Andikeni pia kwamba mchanga ni wa ujenzi, na kwamba mrabaha unalipwa na mwenye leseni. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, na tipa isipakie tripu ya kwanza kabla hujaiona leseni kwa macho yako.