Kompyuta ya Studio: Angalia Kwanza Uliyonayo

Narekodi kwaya hapa Chamwino kwa laptopi yenye prosesa ya i5, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya zamani. Nikifikisha treki 20, yaani sauti 20 zilizorekodiwa kila moja kando, inakwama. Ninunue mpya?

Usinunue bado. Cheza wimbo wako mzito huku umefungua dirisha la Windows linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski, kisha uangalie ni kipi kinachojaa sauti inapoanza kukatika. Kwa mashine uliyoieleza, ninashuku RAM, kwa sababu ikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ya sahani inayozunguka haiwezi kubeba mzigo huo huku ikisoma treki ishirini kwa pamoja. Weka SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, na uongeze RAM hadi GB 8 ikiwa unarekodi waimbaji tu, au GB 16 ikiwa unatumia pia vinanda vya ndani ya programu. Fundi akishafungua mfuniko wa chini, mwombe akuonyeshe nafasi ya RAM kabla hujalipa, kwa kuwa laptopi nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao. Ulinganishe pia mkato ulio kwenye ukingo wa kadi ya RAM, kwa kuwa kuna vizazi tofauti vya RAM: wa DDR3 na wa DDR4 haukai mahali pamoja, hivyo moja haiwezi kuingia kwenye nafasi ya nyingine.

Nikiimba, sauti yangu inachelewa kunifikia masikioni. Je, RAM zaidi itasaidia?

Hapana. Tatizo hilo linatokana na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia. Ukirekodi kwa kiwango cha sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 512 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 12 inapoingia, na kiasi kama hicho inapotoka, ilhali ile ya 128 huchelewesha kwa takriban 3 tu. Shusha hadi 128 wakati wa kurekodi, kisha urudishe 512 au 1,024 unapochanganya, ili prosesa ipate kupumua. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, yaani programu ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana, iliyokuja na kadi yako ya sauti.

Nimeoneshwa laptopi ya michezo yenye kadi kubwa ya picha. Inafaa?

Kadi ya picha haikusaidii sana, na kelele za feni zake zitaingia kwenye maikrofoni ukirekodi ala kama zeze au ilimba katika chumba hichohicho.

Vipi MacBook Air, laptopi ya Apple, yenye prosesa ya M1, iliyotumika, ya GB 8? Nitaongeza RAM baadaye.

Hutaweza, kwa kuwa RAM yake haibadilishwi, wala diski yake. Ukitaka GB 16, itafute ikiwa nazo tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, mashine hiyo ya mwaka 2020 haina feni, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko wauzaji wanavyolithamini. Kati ya programu za kutengeneza muziki, FL Studio hufanya kazi humo kama kwenye Windows, na Logic Pro hupatikana kwa vifaa vya Apple tu, yaani Mac na iPad.

Laptopi yangu hupata moto sana na kupunguza kasi kila kiangazi. Imezeeka?

Huenda imejaa vumbi letu la Dodoma, kwani prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Izime, fungua mfuniko, zuia feni kwa kijiti isizunguke, kisha upulize matundu kwa hewa. Fundi akiwapo, abadilishe pia mafuta mazito ya kupitishia joto la prosesa yaliyokauka.