Barua zinatoka lakini haziingii? Anza na poti 25

Pole kaka. Kama barua pepe za shule yenu hapo Mafinga zinatoka vizuri lakini za nje haziingii, MX (rekodi ya DNS inayotaja seva ya kupokea barua zenu) ikiwa sahihi (ielekee kwenye jina, siyo namba ya IP), mara nyingi tatizo liko njiani kuelekea poti 25, yaani mlango ambao seva hupokelea barua kutoka seva nyingine.

Mimi hapa Mbeya lilinisumbua siku mbili. Ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi) niliandika `ss -tlnp`, amri inayoonyesha poti zinazosikiliza, nikaona 127.0.0.1:25, yaani Postfix, programu ya seva ya barua, inasikiliza mashine yake yenyewe tu. Kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, inet_interfaces ilikuwa loopback-only. Nikaweka all, nikaizima Postfix na kuiwasha upya, maana reload (kusoma tu mipangilio upya) haitoshi kwa badiliko hili. Bado kimya! Kumbe mashine pepe ilikuwa nyuma ya NAT ya kompyuta inayoibeba, yaani ilijificha nyuma ya anwani ya kompyuta hiyo. Nikaihamishia bridge (kuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa ofisi), ikapata anwani yake, nikaelekeza poti 25 ya ruta huko. Barua ya kwanza ilipoingia kwenye logi nilishangilia peke yangu ofisini.

Kabla ya yote hayo, tazama anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta yako. Ikiwa mwanzo wake uko kati ya 100.64 na 100.127, uko kwenye CGNAT, yaani kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na kuelekeza poti hakutasaidia kitu. Iombe kampuni hiyo IP ya umma isiyobadilika, na uulize kama wanafunga poti 25. Jaribu kuifikia poti hiyo kwa telnet (amri ya kuunganisha na poti) kutoka seva iliyo nje, siyo ndani ya mtandao wenu.

Barua za wazazi zilizokwama huenda hazijapotea bado: seva nyingi hurudia kutuma kwa muda, mara nyingi siku kadhaa. Tuwekee hapa jibu la ss.