Jibu: Picha ya Daktari Daniel Sennert imechorwa au imechapwa?

Ndugu, umeuliza kama picha yako ya Sennert ilichorwa kwa kalamu, na "Med. D. et P.P." pamoja na "sc." vina maana gani.

Hiyo ni chapa. "Sc." ni kifupisho cha neno la Kilatini sculpsit, "alichonga", yaani jina lililotangulia ni la mchongaji wa bamba la shaba. Wino uliingia kwenye mikwaruzo, kisha karatasi mbichi ikagandamizwa kwa nguvu; ndiyo maana kingo za bamba huacha mbonyeo kuizunguka picha. Usipouona, huenda pambizo zilikatwa. Tafadhali usizikate zaidi! Tazama kivuli cha shavuni kwa lenzi: ni mistari iliyopishana tu.

Herufi nyingine zamtaja kuwa daktari na profesa wa tiba. Alistahili. Mtoto huyu wa fundi viatu wa Breslau (leo Wrocław, Poland), aliyezaliwa 1572, alifundisha chuo kikuu cha Wittenberg, Ujerumani, tangu 1602. Aliyeyusha madini ya fedha ndani ya asidi, akaichuja kwenye karatasi, kisha akaipata tena, akiamini chembe zake hazikuharibika. Tauni ilimuua 1637, palepale Wittenberg.

Piga picha ya upande wa nyuma uiweke hapa. Kukiwa na maandishi yaliyochapwa, huenda imetoka kitabuni.