Risasi Haitoshi: Kwa Mafundi Wanaobeba Mashine ya Kupima Unyevu wa Udongo

Nilipoanza kazi katika maabara ya udongo ya mradi mmoja wa barabara hapa Moshi, msimamizi wetu alitupa bamba la risasi, ile metali nzito, tuliweke nyuma ya kiti cha pikapu, kati yetu na mashine ya kupimia udongo ulioshindiliwa, nasi tukasafiri nayo miezi kadhaa tukiamini kwamba tumejikinga na mionzi yake.

Kwa kawaida mashine hizo hubeba vitu vinavyotoa mionzi: sesiamu-137, inayotoa miale ya gama, pamoja na mchanganyiko wa amerisiamu-241 na beriliamu, unaotoa nyutroni, yaani chembe ndogo zitokazo ndani ya kiini cha atomu. Risasi hupunguza gama vizuri. Nyutroni haina chaji ya umeme, na ikigonga kiini kizito cha risasi hudunda ikiwa na karibu kasi yake yote, kama gololi iliyogonga jiwe. Gololi ikigonga gololi nyingine sawasawa, husimama na kuiachia mwendo wake. Ndivyo nyutroni inavyopungua kasi inapokutana na haidrojeni, ambayo kiini chake kina uzito unaokaribiana sana na wake. Kwa hiyo kinga dhidi ya nyutroni ni maji, nta, plastiki nene au zege, na kwa kanuni hiyohiyo mashine huhesabu nyutroni zilizopungua kasi ili kujua udongo una maji kiasi gani.

Mwili wetu nao, kwa sehemu kubwa, ni maji. Viini vya haidrojeni vinavyogongwa ndani yake hurushwa na kujeruhi seli, hata nyutroni zikahesabiwa kuwa na madhara ya mara 2.5 hadi 20 hivi kuliko gama kwa kiasi kilekile cha nishati, kutegemea kasi yake. Saratani na mtoto wa jicho ndiyo madhara ninayoyahofia zaidi.

Ulizeni, kabla ya jambo lolote, kama beji ya kupimia mionzi mnayovaa kifuani inapima nyutroni. Yetu ilipima gama peke yake, na hakuna aliyetuambia. Chanzo cha mionzi ni kidogo, hakifanyi chakula kilichosafiri nacho kuwa na mionzi, lakini hiyo si ruhusa ya kukikalia karibu. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Gari la kushindilia udongo likiikanyaga mashine, msiokote vipande: simamisheni kazi, wazuieni watu, kisha ipigieni simu Tume ya Nguvu za Atomiki.

Mashine yetu sasa husafiri mwisho kabisa wa bodi ya pikapu, imefungwa kwa mnyororo ndani ya sanduku lake, na dereva haegeshi penye watu.