Kabla hujashika mtungi wa gesi

Baridi imeingia na simu za pampu za joto, zile mashine zinazovuta joto la hewa ya nje na kupasha nyumba, zimeanza: "Mkuu, mashine ya nje inatoa moshi!" Mafundi vijana wangu, nawapenda, lakini hili tumeshaliongea.

1. Ule ni mvuke. Hewa ikiwa na unyevu na nyuzi zikicheza karibu na sifuri, koili ya nje hushika barafu. Mashine inageuza valvu, feni ya nje inasimama, joto linapelekwa kwenye koili, barafu inayeyuka. Ni dakika chache tu. Iache mashine imalize kazi yake.

2. Usijaze gesi kwa kutazama geji wakati wa baridi. Hapa lazima nikae kidogo, maana kila msimu kuna anayerudia. Kijana mmoja mwenye bidii sana alifika kwa mteja asubuhi ya baridi kali, akafunga geji, akaona presha ya upande wa chini imeshuka, akafungua mtungi. Lakini R410A, gesi inayozunguka ndani ya mashine, ikichemka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, presha yake kamili (pamoja na ya hewa) ni kama bar 4. Kwenye sifuri ni kama 8. Geji ilikuwa inasema ukweli kuhusu hali ya hewa, yeye akasikia "gesi imepungua". Hali ya hewa ilipotulia, mashine ikaanza kujizima kwa presha kubwa. Tuliivuta gesi yote, tukaipima kwenye mzani: ilizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko. Hakukuwa na uvujaji wowote tangu mwanzo. Mzani, jamani. Mzani! Na kabla ya mzani, tafuta uvujaji.

3. Chagua mashine kwa jedwali la uwezo wake kwenye baridi kali ya eneo lile, usitegemee namba iliyo kwenye katoni, ambayo hupimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi 7.

4. Inua mashine juu ya theluji, na maji ya kuyeyusha yapate pa kutokea.

5. Mteja asishushe thamostati sana usiku. Asubuhi hita ya umeme itaingia kusaidia, nayo kwa uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto, wakati pampu nzuri hata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri huweza kutoa kama mbili. Mwambie pia kwamba hewa ya nyuzi 35 mkononi haina ukali wa tanuri, ila nyumba inapata joto. Mwambie siku ya kufunga mashine, na mvuke umtajie hapo hapo, kabla hajakupigia saa nane usiku.